Ukubwa wa Chembe za Damu Unatuambia Nini?



Katika familia zetu maneno "upungufu wa damu" si mageni. Mama mjamzito akirudi kutoka kliniki husema, "Wameniambia damu yangu ni ndogo." Mtoto akipauka viganja, jirani hushauri apewe juisi ya rozela. Mzee akihema kwa kupanda kilima cha kwenda kanisani, tunasema ni umri. Na dawa huwa ni ile ile kwa wote: vidonge vya kuongeza damu.

Lakini upungufu wa damu si ugonjwa mmoja. Ni dalili, kama homa ilivyo dalili. Mwenye homa huulizwa kwanza homa hiyo imeletwa na nini, na mwenye upungufu wa damu naye anastahili kuulizwa hivyo hivyo. Mwezi huu tujifunze njia moja inayowasaidia waganga kupata jibu: kuangalia kama chembe nyekundu za damu ni ndogo, za kawaida, au kubwa kupita kiasi.

MFANO WA BIBI

Tuanze na mfano, ambao tumeutunga kwa ajili ya somo hili. Bibi mmoja wa miaka 70 anaishi na wajukuu wake. Kwa miezi kadhaa amekuwa akichoka upesi. Ulimi unamwasha, nao umekuwa laini na mwekundu. Nyayo zinamchomachoma kama anakanyaga sindano, na usiku akienda msalani bila taa hupepesuka, kwa kuwa hahisi vizuri mguu wake unakanyaga wapi.

Mjukuu anakwenda duka la dawa na kumnunulia vidonge vya asidi ya foliki, "vile vya damu". Baada ya majuma machache bibi anapata nguvu na uso unarudiwa na rangi yake. Nyumba nzima inafurahi. Lakini ganzi ya miguu inapanda hadi magotini, na mwaka unapokwisha bibi hawezi tena kutembea peke yake.

Je, kulitokea nini? Tutalijibu swali hili tukishaelewa mambo machache.

CHEMBE NYEKUNDU HUTENGENEZWAJE?

Chembe nyekundu ni vitu vidogo mno, bapa, vilivyobonyea katikati. Ukizipanga chembe 130 hivi kwa mstari, urefu wake wote hufikia milimita moja tu. Ndani yake mna himoglobini, ambayo huipa damu wekundu wake na kubeba oksijeni kutoka mapafuni hadi kila sehemu ya mwili. Hicho ndicho kinachopimwa kliniki wanapokuambia "damu yako ni gramu 9" au "gramu 12".

Chembe hizi hutengenezwa katika uboho ulio ndani ya mifupa. Kila moja huishi siku 120 hivi, kisha huzeeka na kuondolewa. Kwa hiyo mwili haupumziki, hutengeneza chembe mpya usiku na mchana. Kwa kazi hiyo unahitaji vitu vingi, lakini vitatu tutaviangalia leo: madini ya chuma, asidi ya foliki, na vitamini B12.

Chuma ni cha kutengenezea himoglobini. Foliki na B12 zina kazi nyingine: zinawezesha chembe changa kujigawa, moja kuwa mbili, mbili kuwa nne, mpaka zitoshe.

Fikiri juu ya mama anayepika mandazi. Donge limeumuka vizuri, lakini kisu cha kukatia hakionekani. Donge linazidi kuvimba. Mwishowe analimega kwa mkono, anapata mandazi machache makubwa yasiyo na umbo. Ndivyo inavyokuwa foliki au B12 ikikosekana: chembe inakua, lakini haiwezi kujigawa kwa wakati wake. Zinazotoka ni chache na kubwa, na nyingine hufa kabla hazijatoka ndani ya uboho.

Chuma kikikosekana mambo huwa kinyume. Kisu kipo, bali kilichopungua ni unga wenyewe. Chembe zinaendelea kujigawa huku hazina himoglobini ya kutosha, na mwishowe hutoka ndogo na zilizopauka.

UKUBWA HUPIMWAJE?

Njia ya kwanza ni darubini. Mtaalamu wa maabara hupaka tone la damu juu ya kioo, hulitia rangi, kisha hutazama. Jicho lililozoea huona kama chembe ni ndogo, kubwa, au mchanganyiko. Kama foliki au B12 imepungua, mara nyingi huona pia dalili katika chembe nyeupe: kiini chake, ambacho kwa kawaida hugawanyika vipande vitatu au vinne, kimekatika vipande vitano, sita au zaidi.

Njia ya pili ni hesabu. Daktari Maxwell Wintrobe wa Marekani aliionyesha kati ya mwaka 1929 na miaka ya mwanzo ya 1930. Damu huzungushwa kwa kasi ndani ya mrija mpaka chembe zishuke na kujazana chini, halafu hupimwa ni asilimia ngapi ya damu yote. Chembe huhesabiwa pia. Asilimia ile ukiizidisha mara 10, kisha ukaigawa kwa idadi ya chembe katika mamilioni, unapata ukubwa wa wastani wa chembe moja.

Vijana wetu wa sekondari wajaribu. Mtu mwenye afya ana asilimia 45 na chembe milioni 5: 450 gawanya kwa 5 ni 90. Mgonjwa wa kwanza ana asilimia 30 na chembe milioni 5: 300 gawanya kwa 5 ni 60, chembe zake ni ndogo. Mgonjwa wa pili ana asilimia 30 hiyo hiyo, lakini chembe milioni 2.5 tu: 300 gawanya kwa 2.5 ni 120, chembe zake ni kubwa. Wagonjwa hawa wawili wana upungufu wa damu wa kiasi kimoja katika mrija, lakini chanzo chake hakifanani hata kidogo.

Siku hizi hospitali nyingi zina mashine inayofanya kazi hii kwa dakika chache. Chembe hupitishwa moja moja kwenye tundu dogo lenye umeme, na kila moja huutikisa umeme huo kwa kadiri ya ukubwa wake. Aliyevumbua njia hiyo ni Wallace Coulter wa Marekani, aliyepewa hati ya uvumbuzi mwaka 1953. Ukipimwa "picha kamili ya damu", tafuta kwenye karatasi ya majibu herufi MCV. Hapo ndipo ukubwa wa wastani unapoandikwa. Kwa mtu mzima, kati ya 80 na 100 ni kawaida. Chini ya 80 chembe ni ndogo, juu ya 100 ni kubwa. Watoto wana viwango vyao: chembe za mtoto aliyezaliwa sasa hivi ni kubwa kuliko za mtu mzima, na za mtoto wa mwaka mmoja ni ndogo zaidi. Basi tusiwapime watoto kwa kipimo cha wakubwa.

CHEMBE ZIKIWA NDOGO

Mara nyingi sababu ni upungufu wa chuma. Hutokana na chakula, na pia na damu inayopotea polepole: hedhi nyingi, uzazi wa karibu karibu, vidonda vya tumbo, na minyoo ya safura inayofyonza damu ndani ya utumbo. Kumpa chuma mtu mwenye safura bila kumpa dawa ya minyoo ni kujaza maji kwenye ndoo iliyotoboka.

Ipo sababu nyingine. Watu wengi, hasa wa pwani yetu ya Afrika Mashariki, wamerithi kwa wazazi hali iitwayo thalasemia ya alfa, ambayo hufanya chembe ziwe ndogo. Wengi wao hawaumwi kitu. Kwao chembe ndogo peke yake si ushahidi wa kukosa chuma.

CHEMBE ZIKIWA KUBWA

Hapa ndipo mganga anapofikiria vitamini zetu mbili.

Mwaka 1931 daktari mwanamke Mwingereza, Lucy Wills, alitoa taarifa ya kazi yake huko Bombay, India. Kinamama wajawazito maskini, wengi wakiwa watu wa viwanda vya nguo, walikuwa wakipatwa na upungufu mkali wa damu wenye chembe kubwa, na wengine walikufa. Aliwapa rojo la hamira lililokuwa likiuzwa kwa bei nafuu, nao wakapona. Baadaye iligundulika kwamba kilichowaponya ni foliki. Jina hilo limetokana na neno la Kilatini folium, yaani jani, kwa kuwa mwaka 1941 wataalamu waliitoa katika majani ya mchicha wa Kizungu.

Kabla yake, mwaka 1926, madaktari George Minot na William Murphy wa Marekani walionyesha kwamba ugonjwa mwingine wa chembe kubwa, uliokuwa ukiua karibu kila aliyeupata, ulitulia mgonjwa akila maini mengi kila siku. Pamoja na mwenzao George Whipple walipewa Tuzo ya Nobel mwaka 1934. Kitu kilichokuwa ndani ya maini kilipatikana mwaka 1948, nacho ndicho vitamini B12.

Vitamini hizi mbili hushirikiana kazi, lakini hazifanani. Foliki imo katika mboga za majani, maharage, kunde, karanga, machungwa na maini. Akiba yake mwilini ni ya miezi michache tu. Mjamzito, mgonjwa wa selimundu na mtu anayeugua malaria mara kwa mara huimaliza haraka. Mtoto mchanga anayelelewa kwa maziwa ya mbuzi peke yake naye hupungukiwa, kwa kuwa maziwa hayo yana foliki kidogo mno.

B12 haimo katika mimea. Hupatikana katika nyama, maini, samaki, dagaa, mayai na maziwa. Mtu mzima huhitaji mikrogramu 2.4 tu kwa siku, na ini huweka akiba ya miaka kadhaa. Kwa hiyo mfungo wa Kwaresima haumwishii mtu B12, kwani siku 40 ni chache. Anayeishiwa ni yule ambaye kwa miaka mingi hagusi chakula chochote cha wanyama, au yule anayekula vizuri lakini mwili wake hauipokei: mzee ambaye tumbo lake limechoka, aliyekatwa sehemu ya tumbo, anayetumia kwa miaka dawa ya kisukari iitwayo metformini au dawa za kupunguza asidi tumboni kama omeprazoli. Mama mwenye upungufu huo akinyonyesha, mtoto wake naye hukosa, na ubongo wake huchelewa kukua.

SASA TUMJIBU BIBI

B12 ina kazi nyingine ambayo foliki haiwezi kuifanya: inalinda mishipa ya fahamu na uti wa mgongo. Bibi katika mfano wetu alipungukiwa B12. Foliki aliyopewa ilisukuma mbele utengenezaji wa damu, naye akapata rangi. Lakini mishipa ya fahamu haikupata ilichohitaji, ikaendelea kuharibika huku kila mtu akidhani amepona.

Jambo hili liliwahi kutokea kweli. Miaka ya 1940, foliki ilipoanza kutengenezwa viwandani, ilitumiwa kuwatibu wagonjwa waliokosa B12. Damu yao ilipanda, na baadhi yao wakapatwa na ganzi na udhaifu wa miguu. Tangu hapo madaktari hufundishwa: mwenye chembe kubwa asipewe foliki peke yake kabla ya kujua kama B12 yake inatosha.

Tiba ya B12, kwa sindano au kwa vidonge vyenye kiasi kikubwa, ni rahisi. Damu huanza kurekebika ndani ya majuma machache. Mishipa ya fahamu huchukua miezi, na ikicheleweshwa sana haiponi kabisa. Kwa hiyo anayechomwachomwa nyayo asikae nyumbani akisubiri.

KIPIMO KISITUDANGANYE

Tunapenda kukisifu kipimo hiki kwa kuwa ni cha haraka na hakihitaji zaidi ya damu kidogo. Lakini ni kama kidole kinachoonyesha njia, si mwisho wa safari. Kwa sababu tatu.

Kwanza, si kila chembe kubwa ni ya kukosa vitamini. Pombe ya kila siku hukuza chembe hata kabla damu haijapungua. Magonjwa ya ini na ya tezi ya shingo hufanya hivyo pia. Zipo na dawa: zidovudini inayotumiwa na baadhi ya wenye virusi vya UKIMWI, na hidroksiurea wanayopewa wagonjwa wa selimundu. Hawa wasiache dawa zao kwa kuona namba imepanda. Waulize kwanza.

Pili, chembe za kawaida hazimaanishi kwamba vitamini zinatosha. Mama aliyekosa chuma na B12 kwa pamoja ana chembe ndogo na chembe kubwa zimechanganyika. Wastani wake unaweza kuwa 88, na karatasi ikasema yuko sawa. Ni sawa na kusema kwamba nyumba yenye baba wa kilo 100 na mtoto wa kilo 20 ina watu wa kilo 60. Ndiyo maana mashine huandika pia RDW, inayoonyesha jinsi ukubwa unavyotofautiana, na ndiyo maana darubini bado ina thamani yake.

Tatu, mishipa ya fahamu inaweza kuumia kwa kukosa B12 wakati damu bado ni nzuri na chembe ni za kawaida. Mwenye dalili za miguu achunguzwe zaidi, hata kama MCV yake haina kasoro. Kipo kipimo cha B12 yenyewe katika damu, ingawa si kila maabara inakifanya, na daktari anaweza kuamua kutibu kwa kuangalia dalili.

TUFANYE NINI NYUMBANI?

1. Tukiambiwa "huna damu", tuulize kwa heshima: "Daktari, chembe ni ndogo au kubwa? Na sababu ni nini?" Kwa mwanamke asiye na mimba damu ni pungufu ikiwa chini ya gramu 12, kwa mjamzito chini ya 11, kwa mwanamume chini ya 13.

2. Tutunze karatasi za majibu. Namba ya mwaka huu ikilinganishwa na ya mwaka jana hueleza mengi.

3. Mjamzito ameze vidonge vya chuma na foliki anavyopewa kliniki bila kuruka. Wanaotarajia kupata mimba waanze foliki mapema, miligramu 0.4 kwa siku, kwa sababu uti wa mgongo wa mtoto hujifunga ndani ya majuma manne ya kwanza, kabla mama wengi hawajajua. Hivyo hupunguza hatari ya mtoto kuzaliwa na mgongo wazi. Lakini asijiongezee mwenyewe vidonge vya miligramu 5: kiasi hicho hupunguza nguvu ya dawa ya SP anayopewa kuzuia malaria.

4. Mchicha na matembele yasichemshwe muda mrefu, na maji yake yasimwagwe, kwani foliki huharibika kwa moto na kukimbilia majini. Kisamvu ni tofauti: sharti kipondwe na kuiva sawasawa kwa sababu ya sumu yake.

5. Kila sahani ya ugali na mboga ipate kitu cha wanyama japo kidogo: kiganja cha dagaa, yai, kikombe cha maziwa. Nyama isiwe ya baba peke yake. Wazee, watoto na wajawazito ndio wanaoihitaji zaidi.

6. Chai inywewe mbali na mlo, kwani huzuia chuma kuingia mwilini. Ndimu au chungwa husaidia.

7. Tukinunua unga, tuangalie kama umeongezewa virutubishi. Nchini Tanzania kanuni za mwaka 2011 zilivitaka viwanda kuongeza virutubishi katika unga wa ngano na wa mahindi, na miongoni mwake ni chuma na foliki. Lakini unga wa mashine ya kijijini mara nyingi hauongezwi kitu.

MASWALI YA KUJADILI KATIKA JUMUIYA

1. Katika jumuiya yetu kuna wazee wangapi wanaolalamika ganzi ya miguu? Nani atawasindikiza kituo cha afya?

2. Kwa nini ni hatari kumnunulia mzee vidonge vya foliki bila kupimwa?

3. Nyumbani kwetu, nani hupewa kipande cha samaki, na nani huachiwa mchuzi?

Ndugu zetu, mwili ni zawadi ya Mungu, na hata chembe isiyoonekana kwa macho ina habari ya kutupa. Mwenye kumwona bibi akipepesuka gizani asiseme tu kwamba ni uzee. Amshike mkono, na kesho yake ampeleke apimwe.